Dakika Kumi Si Mchezo

Nilimshinda binti kutoka Meru kwa hatua sita, na ushindi ule unanitia aibu hadi leo.

Ilikuwa Jumamosi, ukumbini Embu. Alipanda matatu saa kumi usiku, akapita Chuka, zile kona za Thuchi, Runyenjes, akafika bila hata chai. Sataranji yetu ikapewa dakika kumi kila mtu. Kumi!

Nilianza na d4, askari wa malkia. Akajibu d5. Nikaweka c4: gambiti ya malkia, ile mliyoijua 2020 kwa sababu ya Netflix. Huyo askari wa c4 si wa bure. Ukimla, usimng'ang'anie. Yeye alimla, nikacheza e3, akamkinga kwa b5. Nikapiga a4, akaweka c6, nikala, akala. Malkia wangu akaruka f3, na ngome yake pale a8 haikuokoka bila kupoteza farasi au askofu. Kabla ya kuangalia ubao, aliangalia saa.

Waandalizi, nawajua. Mtasema ukumbi ni wa kukodi, siku ni moja, watoto ni wengi. Sawa, basi punguzeni raundi! Tatu za kufikiri zinashinda saba za kugonga saa. Mwaka 1927 kule Buenos Aires, Alekhine na Capablanca walicheza michezo 34, karibu yote kwa gambiti hiihii, ikachukua zaidi ya miezi miwili. Hakuna aliyewaambia wamalize haraka ukumbi una harusi jioni. Hata wazee wa drafti pale stage, na vizibo vyao vya soda, hupeana muda kuliko nyinyi.

Na msiniambie vijana hawana subira. Huyo binti alingoja matatu ijae pale Makutano gizani, kisha mkamnyima nusu saa ya kufikiri. Nauli ya kwenda na kurudi amelipa mzazi wake, si nyinyi. Anarudi nyumbani akiamini yeye ni mjinga, kumbe aliharakishwa tu.

Tulitoka nje tukapanga ubao kwenye benchi, bila saa. Akaukodolea macho kitambo.

"Kumbe ningemwacha tu huyo askari aende?"

Akatoa farasi f6 badala ya b5. Sasa mimi ndiye nikaanza kukuna kichwa. Tulifika hatua ya ishirini na kitu, yeye akiwa juu kidogo, matatu ya Meru ikapiga honi.