Si Jini, Ni Sukari

Jamani watu wa Kizingitini, tuacheni hii. Mtu ashakula mahamri na chai tamu, masaa mawili matatu baadaye anatetemeka, jasho linamtoka, moyo wamwenda mbio. Mwasema ana jini, au avivia bahari. Mimi naishi na hali hii. Si jini. Baada ya mlo insulini imetoka nyingi kupita kiasi, sukari ikaporomoka, pengine chini ya 3.9 kwenye mashine. Sasa fikiria ni mzamiaji wa kamba, yuko chini ya maji.

Na nyinyi wa "mpe soda," nisikizeni. Soda yakuokoa dakika ile, haikutibu. Ukiishi kwa soda, sukari yapanda, yashuka tena. Na kwa baadhi yetu hii ni dalili ya mapema ya kisukari. Kumwambia mtu "yako inashuka, kisukari hupati" ni kumdanganya.

Samaki tunao, kunde zipo. Anza na hizo, wali uwe kidogo, chai isiwe sharubati. Na mgonjwa akifika zahanati anatetemeka, apimwe hapo hapo. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula peke yake chaweza kumpita. Ni tone moja la damu. Asipandishwe boti mpaka Amu kwa tone moja.