Picha ya gari inaposhonwa vibaya

Juma hili tuzungumze juu ya gari. Najua wengi wetu hatuna, lakini watoto wetu wanacheza katika viwanja ambamo gari za wengine zinarudi nyuma kila siku.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliuliza hivi: gari ya bwana wake inaonyesha kwenye ekrani picha kama imepigwa na ndege aliye juu ya paa. Tangu wabadilishe kioo cha pembeni, mstari wa saruji unaonekana umekatika. Je, ni neno kubwa?

Ni kubwa. Juu ya gari hakuna kamera. Ziko nne: mbele, nyuma, na moja chini ya kila kioo cha pembeni. Kompyuta inazinyoosha picha hizo na kuziunga, kama mshonaji anavyounga vipande vinne vya kitenge. Ili maua yakutane kwenye mshono, lazima ajue kila kipande kimekatwa wapi. Kompyuta nayo inashika vipimo: kila kamera iko kimo gani na inaelekea wapi. Ukiweka kioo kingine, kamera inaelekea kidogo kando, lakini kompyuta inaendelea kushona kwa vipimo vya zamani. Picha inabaki safi, na hiyo ndiyo hatari yake. Kwenye pembe nne za gari, penye mishono, kitu kinaweza kupotea kabisa. Mtoto aliyechuchumaa pia.

Kuipima upya ni kazi ya fundi mwenye mashine yake na vipimo vya aina ile ya gari. Gari isimame mahali tambarare, bila mizigo, magurudumu yenye hewa sawa, milango imefungwa, vioo vimefunguliwa. Mara nyingi anatandika chini vitambaa vya miraba myeusi na myeupe, kwa umbali uliopimwa. (Anayesema atakadiria kwa macho, mnyang'anye ufunguo!)

Nyumbani unaweza kuchunguza mwenyewe. Watoto wawe mbali, breki ya mkono imevutwa. Nyosha kamba, chora kwa chaki mstari kila upande wa gari, upite mbele na nyuma. Kwenye ekrani mistari isikatike. Kisha weka bidoni ya lita 20 hatua moja kutoka kila pembe. Ikionekana imeinama, usijali, vitu virefu huonekana hivyo. Tazama mistari ya chini. Panguseni kwanza matope kwenye kamera kwa kitambaa laini chenye maji, maana barabara zetu mnazijua.

Kwa gari ya mama yule, bidoni ya pembe ya nyuma kuume haikuonekana hata kidogo. Fundi bado hajapatikana. Kwa sasa bwana wake anazunguka gari kwa miguu kabla ya kurudi nyuma.