Likizo ya Mwaka Kabla ya Likizo ya Uzazi: Haki Mbili Zinazohitaji Mpangilio Mmoja

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwajiriwa mjamzito Tanzania Bara ana likizo mbili za malipo zinazoweza kukutana ndani ya mwaka mmoja: likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 na likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 84. Zote mbili zimewekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, na kila moja ni haki inayojitegemea. Swali linalobaki kwa waajiriwa wengi ni ipi ianze, ipi ifuate, na nani mwenye uamuzi.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kutegemea mpangilio utakaochaguliwa, mama anaweza kurejea kazini mtoto akiwa na umri wa wiki 8, wiki 12 au wiki 16, ilhali sheria ni ileile na mshahara ni uleule. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Kwa familia ambayo mama ni mwajiriwa, wiki nne zaidi au pungufu si jambo dogo.

Sheria inavyosema

Kifungu cha 31 cha Sheria hiyo kinampa mwajiriwa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka kwa kila mzunguko wa miezi 12 ya ajira. Siku hizo ni za kalenda, na sikukuu za kitaifa zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humo humo. Mwajiri ndiye mwenye mamlaka ya kupanga lini likizo hiyo ichukuliwe, lakini mamlaka hayo yana ukomo: ni lazima itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kumalizika. Muda huo unaweza kufika miezi 12 iwapo tu mwajiriwa ameridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha.

Kifungu cha 33 kinahusu uzazi. Mwajiriwa anatakiwa kumpa mwajiri taarifa ya kusudio la kuchukua likizo ya uzazi walau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Anaweza kuianza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi endapo daktari atathibitisha kwamba afya yake au ya mtoto aliye tumboni inahitaji hivyo. Likizo ni siku 84, na hufikia siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Baada ya kujifungua, haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita za kwanza isipokuwa daktari amethibitisha kuwa anaweza.

Tofauti kati ya vifungu hivi viwili ndiyo kiini cha suala lenyewe. Tarehe ya likizo ya mwaka hupangwa na mwajiri. Tarehe ya kuanza likizo ya uzazi, ndani ya mipaka iliyotajwa, huchaguliwa na mwajiriwa. Kwa hiyo mwanamke anayetaka kutanguliza likizo ya mwaka hana budi kuomba na kukubaliana na mwajiri wake, na kwa upande wa likizo ya uzazi anatoa taarifa.

Kipo pia kizuizi muhimu ambacho hakifahamiki vya kutosha. Kifungu cha 31 kinamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mwajiriwa achukue likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Maana yake ni kwamba siku 28 haziwezi kukatwa kutoka katika zile 84, wala mwajiri hawezi kumwambia mwajiriwa kuwa kwa kuwa atakwenda likizo ya uzazi mwaka huu, likizo ya mwaka imekwisha humo. Siku hizo zinajumlishwa na kufikia 112.

Hesabu ya tarehe

Mfano wa mwajiriwa anayetarajia kujifungua tarehe 1 Oktoba unaonesha jinsi mpangilio unavyobadili matokeo.

Akianza likizo ya uzazi mapema kadiri sheria inavyoruhusu bila cheti maalumu cha daktari, yaani tarehe 3 Septemba, siku 84 zitaisha tarehe 25 Novemba. Siku 28 atakuwa amezitumia kabla ya kujifungua, na atarejea kazini mtoto akiwa na wiki 8.

Akichukua likizo ya mwaka kuanzia tarehe 3 hadi 30 Septemba, kisha akaanza likizo ya uzazi tarehe 1 Oktoba, atapumzika wiki zilezile nne kabla ya kujifungua. Likizo yake ya uzazi, hata hivyo, itaisha tarehe 23 Desemba, na atarejea mtoto akiwa na wiki 12.

Akifanya kazi hadi siku ya kujifungua, akachukua likizo ya uzazi na kuiunganisha na likizo ya mwaka, atakuwa nyumbani hadi tarehe 20 Januari na mtoto atakuwa na wiki 16.

Kwa hesabu peke yake, njia ya tatu ndiyo yenye muda mrefu zaidi na mtoto. Hata hivyo, ina gharama na hatari zake. Wiki za mwisho za ujauzito ni nzito, hasa kwa muuguzi anayesimama zamu nzima, mwalimu mwenye darasa kubwa au mfanyakazi wa kiwandani anayesafiri kwa daladala asubuhi na jioni. Aidha, likizo ya mwaka iliyoahirishwa hadi baada ya uzazi inategemea mwajiri kukubali tarehe hizo, na inaweza kugongana na ukomo wa muda.

Ukomo huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Mwajiriwa ambaye mzunguko wake wa likizo uliisha tarehe 31 Desemba anapaswa kupewa likizo yake kabla ya mwezi Juni kumalizika. Iwapo ataanza likizo ya uzazi tarehe 20 Aprili, siku 84 zitaisha tarehe 12 Julai, na dirisha la miezi sita litakuwa limefungwa akiwa bado nyumbani. Kwa mwajiriwa wa namna hiyo, kutanguliza likizo ya mwaka ndiyo njia ya uhakika ya kuilinda. Vinginevyo, apate makubaliano ya maandishi ya kuisogeza mbele.

Mtoto asipofuata kalenda

Tarehe ya kujifungua ni makadirio. Katika mfano uliotajwa, mtoto akizaliwa tarehe 20 Septemba, mama atakuwa ametumia siku 17 tu za likizo ya mwaka. Kuanzia siku hiyo anastahili likizo ya uzazi, na kwa kuwa likizo moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine, siku 11 zilizobaki zinapaswa kurudishwa katika hesabu yake. Njia bora ya kuepusha mgogoro ni barua ya idhini ya likizo kutamka mapema kwamba mtoto akizaliwa kabla, likizo ya mwaka itasimama na ya uzazi itaanza.

Mtoto akichelewa, hali ni kinyume. Likizo ya mwaka ikishaisha tarehe 30 Septemba, mama atalazimika kuanza likizo ya uzazi au kurudi kazini akisubiri. Kila siku ya kuchelewa itapunguza siku za baada ya kujifungua. Ndiyo sababu baadhi ya waajiriwa huona busara kubakiza akiba ya siku chache. Sheria inataja siku 28 mfululizo, lakini inatambua pia likizo fupi za malipo ambazo mwajiriwa ameziomba na kupewa, na ambazo mwajiri anaweza kuzipunguza kutoka katika siku hizo 28. Kwa makubaliano, nafasi hiyo inaweza kutumika vizuri.

Kwa mama anayejifungua mtoto njiti, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda wa likizo ili siku za uangalizi wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati zisimalize likizo ya uzazi. Mama wa mtoto njiti hapaswi kuambiwa atumie likizo ya mwaka kufidia muda aliokaa wodini.

Likizo ya ugonjwa isichanganywe

Upo upotevu mwingine wa siku usioonekana kwa urahisi. Mjamzito anapougua, akalazwa au akashauriwa na daktari apumzike, mara nyingine huombewa siku kutoka likizo ya mwaka. Sheria haikukusudia hivyo. Likizo ya ugonjwa ni haki ya peke yake: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa uthibitisho wa cheti cha daktari. Mwajiriwa anayeipata hubaki na siku zake 28 hadi atakapozihitaji.

Mzunguko huohuo wa miezi 36 unahusu pia likizo ya uzazi, na mwajiri analazimika kutoa likizo ya uzazi yenye malipo mara nne tu kwa mwajiriwa mmoja. Mwanamke anayepata ujauzito mwingine kabla ya mzunguko kumalizika anaweza kujikuta likizo ya mwaka ndiyo likizo kuu ya malipo aliyobaki nayo kwa ajili ya uzazi. Kwake, kuitumia mapema kwa shughuli nyingine ni jambo la kupima mara mbili. Pale ambapo mtoto amefariki dunia ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, sheria inampa mama siku 84 nyingine za malipo ndani ya mzunguko huo.

Wajibu wa pande zote

Kwa mwajiriwa, wakati muafaka wa kuwasilisha mpango ni pale anapotoa taarifa ya miezi mitatu. Katika mfano uliotolewa, tarehe hiyo ni 1 Julai. Barua moja inaweza kubeba mambo yote: tarehe ya matarajio, tarehe ya kuanza likizo ya uzazi, ombi la likizo ya mwaka na pendekezo la nini kifanyike tarehe ikibadilika. Kabla ya hapo, athibitishe kwa ofisa rasilimali watu au ofisa utumishi amebakiza siku ngapi. Ni vyema akumbuke kuwa mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hana haki ya likizo ya malipo chini ya sehemu hiyo ya Sheria. Mkataba wa hali bora za kazi unaweza kuwa na masharti mazuri zaidi, na watumishi wa umma huongozwa pia na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma.

Kwa mwajiri, taarifa ya mapema ni faida. Miezi mitatu inatosha kupanga mbadala, kukabidhi majukumu na kurekebisha ratiba ya likizo ya ofisi. Mwajiri anayekataa tarehe zilizoombwa anapaswa kutoa tarehe nyingine zilizo ndani ya ukomo wa sheria, kwa sababu mamlaka ya kupanga likizo hayampi mamlaka ya kuifuta. Mama akirejea, anarudi kwa masharti yaleyale ya ajira, na anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi.

Kumwachisha kazi mwajiriwa kwa sababu zinazohusiana na ujauzito, au kwa kuwa amedai haki aliyopewa na sheria, si sababu halali. Mgogoro usiomalizika mahali pa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kwa suala la kuachishwa kazi, na ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Barua ya maombi, cheti cha daktari na majibu ya mwajiri ndivyo vielelezo vitakavyohitajika, hivyo nakala zitunzwe.

Masharti haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wana taratibu zao. Kwa wengine wote, katika utumishi wa umma na sekta binafsi, siku 112 zipo kisheria. Zikipangwa mapema na kuandikwa, mama atajua kabla ya kujifungua ni siku gani anarudi kazini na mtoto wake atakuwa na umri gani siku hiyo.