Tupime Mwendo, Kombe Litafuata

Katika mtaala wa Tanzania ulioanza kutekelezwa Januari 2024, michezo ina somo lake shule ya msingi: Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa darasa la kwanza na la pili, kisha Sanaa na Michezo kuanzia la tatu. Somo likishaingia kwenye ratiba, mwalimu hana budi kuweka alama, na hatari ipo hapo. Kipimo tulichokizoea ni cha UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi: nani katangulia, nani kafunga, nani aitwe timu ya wilaya. Kinafaa kuteua timu. Kikihamishiwa darasani, mwenye mbio za kuzaliwa atajizolea alama za bure, na asiyejua kurusha mpira atamaliza shule kama alivyoingia. Rai yetu ni kwamba somo lipime jinsi kila mtoto anavyoutumia mwili wake, tena mapema.

Jambo hilo huonekana kwa macho. Kipimo cha stadi za mwendo cha Dale Ulrich wa Marekani, kilichotoka mwaka 1985 na sasa kimefikia toleo la tatu, kina stadi 13, zikiwamo kukimbia, kuruka kwa mguu mmoja, kudaka na kupiga teke. Katika kurusha, hakiulizi mpira umefika wapi. Kinaangalia kama nyonga na bega vimegeuka, kama mguu ulio kinyume na mkono umetangulia, kama mkono umemalizia kwa kukatiza mwili. Anayekosea mguu huelekezwa papo hapo. Anayepewa alama 40 tu hana la kurekebisha. Utafiti wa Lisa Barnett na wenzake uliochapishwa 2009 uliwafuatilia watoto wa New South Wales, Australia, ukaona kwamba waliomudu stadi za mpira utotoni walikuwa wachangamfu zaidi kimazoezi walipobalehe. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kumzuia mtu kuziita stadi hizi mchezo wa kupotezea muda.

Wapo watakaosema Kariakoo, Dar es Salaam, hakuna nafasi: shule zimebanwa na maghorofa ya biashara, na madarasa yamefurika. Uhaba huo ni wa kweli na wahusika wasiupuuze, ila mchezo wa rede haudai uwanja wa mpira. Wawili wakirusha na mmoja akikwepa katikati, mwalimu anaona kurusha, kudaka na kugeuka ghafla. Akiwaangalia watoto watano kila kipindi, kwa stadi moja tu, hatimaye darasa zima litaonekana. Pingamizi zito zaidi ni la ugeni: viwango vya umri vya Ulrich vilitokana na watoto wa Marekani, na si haki kumwita mtoto wa mtaa wa Gerezani dhaifu kwa majedwali hayo. Basi tuchukue vigezo vya mwendo, majedwali tuyaache, na mtoto alinganishwe na alivyokuwa muhula uliopita. Ulinganisho huo unamtendea haki hata mwanafunzi asiyeona wa Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambaye mashindano ya kawaida hayampimi kabisa. Na kumbukumbu ya upimaji isiyobadilisha kipindi kinachofuata ni heri isiandikwe. Walimu wetu wana makaratasi ya kutosha.