Istanbul, yaani mjini
Mtu wa shamba akikwambia anakwenda "mjini", humuulizi mji gani. Wanaisimu wengi wanaona kuwa Istanbul ilipata jina lake hivyo hivyo, kutokana na maneno ya Kigiriki "eis tin polin", yaani "mjini", maana kwa wenyeji hapakuwa na mji mwingine wa kuulinganisha nao. Nalipenda jina hili kuliko yaliyolitangulia, kwani halikutoka kwa mfalme. Lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa njiani. Kwanza mji huu uliitwa Byzantion. Mwaka 330 Kaizari Konstantino akauzindua kuwa makao yake makuu, ukaitwa Konstantinopoli, mji wa Konstantino. Sultani Mehmed wa Pili wa Waosmani akauteka mwaka 1453, na hapo ndipo wengi tunapokosea, tukidhani alilifuta jina la zamani siku ile ile. Hakulifuta! Kwa karne kadhaa sarafu za Waosmani ziliendelea kuandikwa Kostantiniyye. Ni mwaka 1930 tu ndipo serikali ya Uturuki ilipoyataka mataifa ya nje yaandike Istanbul kwenye barua zao, na wakati huo makao makuu yalikwishahamia Ankara.