Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Bariadi, makao makuu ya mkoa uliozaliwa mwaka 2012, ambao watu wake, wakitaka kupanda ndege, huteremka kwanza hadi Lamadi na kuifuata barabara ya kandokando ya ziwa mpaka Mwanza. Na kwa kuwa Simiyu ni miongoni mwa mahali 11 ambapo Serikali ilifanya upembuzi yakinifu wa viwanja vya ndege, nimeona ni wajibu wangu kukuletea mapema ombi ambalo, likingojea siku ya uzinduzi, litakuwa limechelewa. Siombi kazi iharakishwe, ingawa uwanja twautamani sana. Naomba alama za chini, vibao, taa na ramani za uwanja huo zihesabiwe tangu leo kuwa uwanja wenyewe, sawa na lami yake, zisiachwe ziwe shughuli ya mwisho itakayofanywa endapo fedha zitasalia.

Wengi hudhani kwamba hatari ya safari ya anga imo angani, na kwamba rubani akishagusa ardhi, au kabla hajaiacha, kazi yake ni sahali. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika uwanja wa Linate mjini Milan, Italia, ukungu ukiwa umetanda, ndege ndogo iliyoamriwa kupita kiungio R5 (kiungio ni njia ya ndege kutembea ardhini) iliingia R6, ikatokea juu ya njia ya kurukia wakati ule ule ndege ya abiria ilipokuwa ikikimbia kuondoka. Wakafa watu 118. Rubani wa ile ndege ndogo alikuwa amekwisha kuutajia mnara alama ya S4 aliyoikuta njiani mwake. Walakini alama hiyo haikuwamo katika ramani za waongoza ndege, wala rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Mtu alitaja kwa ulimi wake mahali alipo, na pasiwe na wa kumfahamu! Katika visa vyote vya namna hii nivijuavyo, hakuna kinihuzunishacho kama hiki, maana hitilafu iliyowaua watu wale ilikuwa imekwisha kupakwa rangi juu ya sakafu kabla marubani hawajafika.

Wala si mambo ya Ulaya peke yake. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege aina ya Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikienda Kilimanjaro, ilitua Arusha, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, katika uwanja ambao njia yake ilikuwa na urefu wa mita 1,620 hivi, ilhali ile ya Kilimanjaro hufikia mita 3,600. Kwa rehema za Mungu ilisimama, na hakuna aliyeumia. Lakini huko mwisho wa njia magurudumu yaliiacha lami yakakwama katika udongo laini. Siku nne baadaye, mjini Johannesburg, Boeing 747 ya British Airways, iliyoelekezwa kupita kiungio B, ilishika njia iliyonyooka pale B inapokunja, ikaingia kiungio M kilicho chembamba, na bawa lake likapasua jengo na kuwajeruhi watu 4 waliokuwamo.

Aghalabu baada ya mambo kama haya husikika neno moja tu, uzembe wa rubani, na shauri likafungwa hapo. Sikubali. Rubani ana dhamana yake, naam, na apaswa kuulizwa. Lakini mtu aliyechoka, katika uwanja asioujua, huenda pale macho yanapomwongoza, na yanayomwongoza macho yamo mikononi mwa Mamlaka yako.

Huenda nikajibiwa kwamba uwanja wetu utakuwa mdogo, wenye njia moja na ndege chache, wala Bariadi haina ukungu wa Milan. Ni kweli, ila udogo nao una mushkeli wake. Pasipo kiungio kinachokwenda sambamba na njia ya kurukia, ndege hulazimika kurudi juu ya njia ile ile ambayo nyingine yaweza kuwa inaikusudia. Na pasipo mnara, marubani hutangaziana wenyewe kwa redio kila mmoja alipo, jambo lisilowezekana ikiwa vibao havisomeki au rangi imefifia kwa jua na vumbi la kiangazi chetu. Kwa hiyo fedha ya kupaka rangi upya itengwe kila mwaka.

Ramani nazo zibadilike siku ile ile ardhi inapobadilika. Huko Lexington, Marekani, tarehe 27 Agosti 2006, ndege iliondokea njia fupi ya 26 badala ya 22, wakafa watu 49, na ramani walizokuwa nazo marubani hazikuonyesha viungio vilivyogeuzwa na ujenzi. Na wakati wa ujenzi wetu, njia ambayo haijafunguliwa ichorwe alama kubwa ya msalaba inayoonekana kutoka juu, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwatangazie marubani. Maana Aprili 2021, huko Ndola, Zambia, ndege ya mizigo ilitua kwenye uwanja mpya uliokuwa ungali ukijengwa.

Mwisho ni udongo. Udongo wetu mweusi wa mbugani, uoteshao pamba, hupasuka wakati wa ukavu na wakati wa mvua hulainika ukameza magurudumu, kama wajuavyo madereva wa malori wa Maswa na Meatu. Nakuomba basi kwamba sehemu za kugeuzia ndege katika ncha zote mbili za njia zijengwe pana kupita kipimo cha chini, na kingo zake ziwekwe taa, ili rubani atakayekosea kidogo usiku wa masika apate mahali pagumu pa kukanyaga.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Bariadi