Mbegu ya Kunde Si Bangi

Kwa zaidi ya miaka kumi, mama wa Kitui aliyempimia jirani kikombe cha mbegu za kunde akapokea shilingi ishirini alikuwa mhalifu. Sitii chumvi. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilikataza kuuza na kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Adhabu? Hadi miaka miwili jela, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Milioni moja, kwa kunde! Kuna walafi wa fedha za umma waliotoka mahakamani wakipunga mkono.

Wakulima 15 walishtaki mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitupa vifungu hivyo vya sheria, ikisema vinakiuka Katiba. Vigelegele vikapigwa, na vilistahili. Lakini waliopitisha balaa hilo bungeni hawajafungua kinywa, na watetezi wao bado wanaimba wimbo uleule: tulikuwa tunamkinga mkulima dhidi ya mbegu feki.

Jamani! Mbegu feki hutoka wapi? Hutoka dukani, ndani ya pakiti yenye nembo, zimepakwa rangi zikang'aa. Hazitoki kwenye kibuyu cha bibi aliyezichanganya na jivu ili fukusi wasizile. Jirani akikuuzia mbegu mbovu, kesho mtakutana kisimani. Mwenye pakiti utamtafuta wapi?

Tena hao wenye pakiti walianzia wapi? H611, chotara ya mahindi iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilikuwa na mzazi mmoja aliyeitwa Ecuador 573: mahindi ya milimani, yaliyochaguliwa na kutunzwa na wakulima wa Ecuador vizazi kwa vizazi. Sijasikia askari akitumwa Kitale kuyadai cheti. Mkulima akitoa mbegu, ni utafiti. Akimuuzia mwenzake, lilikuwa kosa la jinai.

Chotara inazaa, sibishi. Anayeitaka na ana pesa za mbolea, anunue. Ila kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame, na huko anayetegemea mahindi peke yake anacheza kamari na njaa ya watoto wake. Mtama, mawele, mbaazi na kunde ndiyo mazao ya ukame, na mbegu zake nyingi hupita mkono kwa mkono, arusini, matangani, sokoni. Mkono huohuo ndio sheria iliotaka kuutia pingu, na vifungu vilikuwa bado vimesimama serikali ilipozindua kwa mbwembwe, mwaka 2024, mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia.

Sasa Bunge lisijaribu kuvirudisha kwa mlango wa nyuma. Na benki ya mbegu ya taifa pale Muguga, yenye maelfu ya sampuli zilizookotwa mashambani mwetu, ifungue milango: vikundi vya wanawake virudishiwe mtama wa vijiji vyao, pamoja na fedha za kujenga maghala ya mbegu, kabla masika hayajaanza.